Njano Yangu

Bandari ya Baraka ilikuwa imefurika watu siku Haruna alipomgonga Kulthumu kwa gurudumu la pikipiki. Ndakala zake, visamaki vya kuuza, zikamwagika zote mchangani.

"We motari! Hauna macho?"

"Niko nayo, dada. Imejaa hiyo njano yako tu."

Kulthumu alikuwa amejifunga kitenge cha njano, na kilemba chake vilevile. Akataka kukasirika, akajikuta anacheka. Tangu hapo Haruna akawa anamtafuta kila asubuhi kati ya wauza samaki, anasugua macho kama mtu aliyeamka sasa hivi, anaita, "Njano yangu!" Akaahidi kwamba baada ya Idi wazee wake watavuka kutoka Ubwari kuja kumposa.

Siku ya Idi, Kulthumu akavaa nguo mpya ya buluu, aliyoishonesha kwa ajili ya mtu mmoja. Akasimama kando ya barabara, amejipaka mafuta mazuri. Pikipiki ikaja. Haruna akampita karibu kabisa, salamu hakuna, akaenda kusimama mbele ya mwanamke mwingine aliyevaa njano.

"Sheri, mpenzi wangu, panda twende."

Kulthumu akarudi nyumbani analia. Simu ikalia mchana kutwa. Mwishowe akaipokea.

"Piga kwa bibi yako wa njano!"

"Nilizania ni we."

"Mi nilikuwa pale! Ungenyoosha mukono ungenigusa!"

Haruna akashusha sauti. "Mi sionake sura, mama. Naonaka rangi tu."

Hasira ikamwisha Kulthumu, hofu ikakaa mahali pake. Alipopita daktari wa macho pale Baraka, akampeleka Haruna mwenyewe.

"Kioo cha mbele cha jicho kimekuwa chembamba, kimechongoka," daktari akasema.

"Watu wengi banapataka hii?" Kulthumu akauliza.

"Wengi hapana. Lakini wako, na hawajijui. Inaanzaka ujanani, na kusugua inazidisha. Wengine miwani inabatosha, wengine lenzi ngumu. Wenye kioo kimefanya kovu, wale ndio banahitaji kubadilishiwa."

"Na Haruna?"

Daktari akazima kitochi chake. "Iko kovu. Macho yote mbili."

"Kioo ya kubadilisha inatoka wapi?"

"Kwa mutu amekufa, akaiachia. Hapa hatuna. Kule mbali iko, na wanaongojea ni wengi."

Jioni ile Haruna akamrudishia mwenye pikipiki funguo zake.

"Narudi Ubwari kwa mama."

"Nioe vile uko," Kulthumu akamwambia.

"Nikugonge mara ya pili?" Haruna akajaribu kucheka. "Hapana, sheri. Tafuta mutu atakuona."

Siku ya safari, Kulthumu akajifunga kile kitenge cha njano, akasimama ufukweni. Boti likawasha mashine. Haruna akainuka kati ya abiria, akapunga mkono kwa furaha, lakini hakuelekea kwake. Kulthumu akageuka kutazama. Pale kando ya maji kulikuwa na bidoni, yale madumu ya mafuta, zimepangwa juu kwa juu, za njano.

Hakumwita. Akakunja kitenge mpaka magotini, akakimbia, akasimama mbele ya zile bidoni, akapunga naye.