Mchanga wa Kasha la Kivukoni

Jumamosi, tarehe 28 Desemba. Sapporo iliamka chini ya anga jeupe lisilo na upepo. Theluji iliyoanguka usiku kucha ilikuwa imelala juu ya mapaa na nyaya za umeme, laini kama unga uliochekechwa.

Tomoki Shimoji, mvulana wa miaka kumi na mmoja, aliitazama kupitia dirishani. Kwao ni kisiwa cha Miyako, kusini ya mbali ya Japani, ambako hata mwezi huu watu hutembea bila makoti. Alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake, na hayo yalikuwa majira yake ya kwanza ya theluji.

Shangazi Setsuko aliweka kibakuli cha wali mbele ya picha ya marehemu babu, akaunganisha viganja. "Baba, tulinde njiani leo," alinong'ona. Tomoki naye aliunganisha viganja, lakini hakuthubutu kuyatazama macho ya babu.

"Leo twende mjini kwa tramu," alisema shangazi walipomaliza kula. "Tomoki, umekumbuka? Hatua fupi, unyayo wote chini, magoti yalegee."

"Akianguka tena, mimi simjui," alidakia Fumi, binamu yake. "Nitasema ni mtalii tu."

"Njoo kwetu uungue jua kama samaki wa kuchoma, ndipo tuone nani atacheka!" Tomoki alijibu. Wote walicheka, ila kicheko chake kilikatika mapema.

Kweli alikuwa ameanguka. Siku iliyotangulia, kituoni pa tramu, miguu ilimteleza mbele ya watu, na Fumi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni ile Tomoki aliamua kujifunza kwa siri. Karibu na kituo, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, palikuwa na kasha la kijani lisilo na kufuli, limejaa chupa za mchanga. Alijiambia, "Mchanga nao una mwenyewe? Kwetu tunaukanyaga tu." Akazibeba chupa zote hadi nyuma ya nyumba, akamwaga mchanga wote juu ya barafu asiteleze, akafanya mazoezi ya kutembea peke yake. Kisha akazirudisha chupa tupu ndani ya kasha. Usiku, theluji ikafunika kila kitu.

Walipokaribia kivuko, walimkuta Bibi Natsue, jirani yao, amefunua kasha. Pale kivukoni magari yalikuwa yameisugua barafu hata iking'aa kama kioo. Bibi aliinua chupa, akaitikisa. Tupu. Akainua nyingine.

"Haya basi," alisema, "nitakwenda polepole."

Tomoki alitaka kupiga kelele, lakini akainamisha macho kwenye theluji. Katikati ya barabara, buti la Bibi liliteleza. Alianguka ubavu, mkono ukiwa chini yake.

Bwana Horiuchi, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, alitoka mbio dukani kwake kando ya barabara, akanyoosha mikono kuyasimamisha magari. Yeye na shangazi walimwinua Bibi, wakamketisha kwenye benchi la kituo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Nani aliyeacha kasha tupu?" Bwana Horiuchi aliuliza. "Si watoto wa mtaa hujaza chupa kila Ijumaa?"

Shangazi alimgeukia binti yake. "Fumi, zamu ilikuwa yako."

"Nilijaza, Mama! Zote, mpaka shingoni!"

"Kama ulijaza, mchanga umekwenda wapi? Afadhali useme ulisahau kuliko kunidanganya mbele ya watu. Leo hatuendi popote. Utarudi nyumbani."

"Sikudanganya!" Fumi alilia, machozi yakimtiririka mpaka kwenye skafu.

Tomoki alijiuliza: akinyamaza, nani angejua? Mchanga ulikuwa umezikwa chini ya theluji. Lakini Mungu ailetaye theluji alijua kilicho chini yake, na kilio cha Fumi kilimchoma kuliko baridi.

"Shangazi," alisema, "Fumi alijaza. Mimi ndiye niliyemwaga. Nilikuwa najifunza kutembea ili nisichekwe. Sikujua umewekwa kwa ajili ya wanaovuka. Bibi, nisamehe. Nilikuona ukiitikisa chupa na bado nikanyamaza." Akainama mpaka kiuno.

Fumi alijifuta pua. "Kumbe ni kwa sababu nilikucheka?" aliuliza kwa upole.

Shangazi alimvuta Fumi kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza." Kisha akamwita Tomoki, akamshika mabega.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyezaliwa akijua kutembea juu ya barafu. Hata Bwana Horiuchi huyu aliwahi kuanguka na ndoo nzima ya tofu."

"Mara mbili!" alisema Bwana Horiuchi.

"Kuanguka si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako abebe kosa lako. Hapa, msimu wa baridi, hakuna avukaye peke yake. Anayetangulia humwagia mchanga anayefuata, hata kama hamjui. Kitu kisicho na kufuli si kitu kisicho na mwenyewe. Ni cha wote."

Bibi Natsue alinyoosha mkono usioumia, akampangusa Tomoki theluji kwenye kofia. "Umekawia kusema, mjukuu wangu, lakini umesema. Mkono huu utapona. Sasa wewe na Fumi mkajaze chupa, nami niende kwa daktari nikiwa na amani."

Bwana Horiuchi alileta gunia la mchanga kutoka uani kwake. Watoto wakapiga magoti bega kwa bega, mmoja akishika chupa, mwingine akimimina. Chupa ya kwanza ilipojaa, Tomoki aliimwaga kivukoni, toka ukingo mmoja hadi wa pili. Kisha akarudi na kusimama mbele ya Bibi, na abiria wote waliokuwa wakingoja tramu wakamgeukia.

"Bibi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mbele ya shangazi, mbele ya Fumi na mbele yenu nyote, naahidi: kila asubuhi mpaka siku nitakayosafiri kurudi kwetu, nitamwaga mchanga hapa kabla hujatia mguu barabarani, na nitakuvusha mimi mwenyewe."