Maganda Yaliyokataa Kushuka

Nyumba ya Mama Aicha, hapo Kasongo, huamka mapema. Iliasi, mtoto wake, anapangusa pikipiki kabla ya kwenda kutafuta abiria. Latifa, mke wa Iliasi, ananyunyizia uwanja maji na kuufagia. Na Mama Aicha, akishamaliza sala ya alfajiri, anachukua panga na kamba. Anakwenda kukata kuni.

Kuni ziko mbali. Zamani zilikuwa nyuma ya mashamba tu. Sasa ni masaa mawili kwenda, na masaa mawili kurudi na mzigo mgongoni. Latifa ndiye angepaswa kwenda, maana ndiye kijana. Lakini alimzaa binti yake, Malaika, kwa operesheni, miezi miwili iliyopita, na munganga wa hospitali alimkataza kubeba vitu vizito. Basi anakwenda mama mkwe, na goti lake la kulia limevimba kama papai bichi.

Kila alipomwona Mama Aicha akirudi anachechemea, Latifa aliona haya.

Kwa hiyo siku chama cha wanawake kilipoleta babula moja, jiko la kuwashia maganda ya mpunga, ili ijaribiwe mtaani, Latifa aliinua mkono kabla ya wote. Babula hiyo ni ya bati. Juu ina mdomo mpana, chini ina koo jembamba. Unamimina maganda mdomoni, yanashuka yenyewe kidogo kidogo, na moto unayala huko chini. Na maganda yako tele. Nyuma ya mashini ya kutwangia mpunga kuna mlima wake, hakuna anayeutaka.

"Mama, hutakwenda tena kuni," Latifa alisema.

"Tutaona," Mama Aicha alijibu.

Siku tatu zikapita, na walichoona ni moshi. Babula iliwaka vizuri mwanzoni. Maji yalipotaka kuchemka, maganda yalikataa kushuka. Moto ukafa. Latifa akawasha tena, na moto ukafa tena.

Siku ya tatu, Alhamisi, Mama Aicha alisimama mlangoni na mtoto mkononi.

"Mama Malaika! Unapika wali ao unafukuza mbu?"

"Itawaka, mama. Ngoja kidogo."

"Nimengoja tangu juzi. Sikiliza. Kesho asubuhi Mama Fifi atanipitia. Kama hiyo babula yako haiivishi chakula leo, mimi nafunga kamba kiunoni, tunaenda kuni."

"Na goti, mama?"

"Goti haijui kupika."

Latifa alimimina maganda mengine, akachukua mchi na kuyashindilia kwa nguvu zote. Moshi ukamrudia usoni. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya moshi peke yake. Akageuka, akaichukua chupa ya petroli, yaani mafuta ya taa. Afadhali amwagie kidogo, moto ushike.

"We! We Latifa! Weka hiyo chupa chini!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa jirani yao, Marie-Jeanne, anayefanya kazi kwenye mashini ya mpunga. Alikuwa anatoka kazini, kichwa cheupe kwa vumbi. Aliingia haraka, akaichukua chupa, akaiweka mbali.

"Ndani ya bati moto ingali inalala," alisema. "Ukimwagia petroli, inakurukia usoni. Unanyonyesha, mama. Unataka mutoto ashindwe kukujua?"

Latifa alirudi nyuma hatua moja. "Nisamehe. Babula imekufa. Nimechoka nayo."

"Haijakufa. Iko na njaa. Chakula iko mdomoni, haifiki tumboni. Tuache ipoe, tutafute imekwama wapi. Tuanze chini."

Walingoja hadi bati likapoa kabisa. Kisha Marie-Jeanne alitoa majivu kwa kijiko kikubwa. Yalitoka mengi.

"Tangu siku ya kwanza mulitoa majivu?"

"Hapana," Latifa alisema.

"Majivu ikijaa, maganda yatapita wapi? Na moto itapumua namna gani? Kila ukimaliza kupika, ikishapoa, unatoa." Alichukua kijiti, akakichomeka kwenye koo kutoka chini. "Njoo uangalie. Chini ni tupu. Juu kumeshikana, ngumu kama matofali. Nani alishindilia hivi?"

"Mimi," Latifa alisema polepole. "Kwetu Nyangwe baba ni seremala. Tulipikia unga wa mbao. Tunasimamisha chupa katikati ya kopo, tunashindilia unga pembeni kabisa kabisa, ndipo tunatoa chupa. Usiposhindilia, unga inaanguka na moto inazimika."

Marie-Jeanne alitikisa kichwa akitabasamu. "Mulifanya vizuri. Lakini ile ni ile, na hii ni hii. Kule unga inakaa, moto inaifuata. Hapa moto inakaa, maganda ndiyo yanaifuata. Ukiyashindilia yanashikana mikono, hayashuki."

Latifa aliurudia msemo huo kimoyomoyo mara mbili. Kumbe mikono yake ilikuwa inajua kazi, ila kazi ya babula nyingine.

Marie-Jeanne alichota maganda kutoka kwenye gunia, akayakamua kwa kiganja. Alipofungua mkono, yalibaki donge.

"Makavu yanamwagika, hayabaki donge. Haya yako na maji. Gunia ililala inje?"

"Hapana, ilikuwa ndani."

Mama Aicha alianza kuangalia kuku.

"Mama?" Latifa aliuliza.

"Basi, ni mimi!" Mama Aicha alisema. "Nilinyunyizia maji kidogo. Vumbi ilikuwa inamurukia mutoto. Si uwanja tunanyunyizia mbele ya kufagia?"

Marie-Jeanne alicheka hadi akashika ua. Latifa akajizuia, akashindwa. Mwishowe Mama Aicha mwenyewe akacheka.

"Sasa tuko wawili wa kufunga gerezani," alisema.

Walitandaza maganda mabichi kwenye mkeka juani. Marie-Jeanne alileta nusu gunia la makavu. Latifa aliyapepeta kwa ungo, akatoa vijiti na ile pumba laini inayoziba koo. Kisha akayamimina taratibu, bila mchi. Akawasha karatasi chini.

Moto ulishika. Baada ya muda, ukaanza kupungua. Latifa aliruka.

"Tulia," Marie-Jeanne alisema. "Gonga bati pembeni na kijiti. Mara mbili, tatu. Polepole, unabisha hodi."

Latifa aligonga. *Shhh*, maganda yalishuka. Moto ukainuka, mwekundu, bila moshi mwingi. Aligonga tena na tena, kila moto ulipopungua, na sasa mkono wake ulijua wakati wenyewe. Maji yalichemka. Wali ukaiva, kisha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Iliasi alipofika kula, alitazama pembeni akitafuta kuni, hakuona hata kijiti kimoja.

"Nani alipika?" aliuliza.

"Kula kwanza," mama yake alimwambia.

Ijumaa, kabla jua halijapanda, Mama Fifi alifika na kamba yake.

"Aicha! Twende, jua itatuchoma njiani."

Mama Aicha alikuwa ameketi mbele ya babula, goti limenyooshwa, kijiti mkononi. Chai ilikuwa inachemka.

"Kwenda wapi? Nani atachunga moto?"

"Hiyo ndiyo kitu ya moshi?"

"Moshi ni ya wale wanaoshindilia," Mama Aicha alisema kwa sauti kubwa, hata jirani wasikie. "Na wale wanaotia maji. Maganda yawe makavu, umimine polepole, majivu utoe kila siku. Na petroli, hapana kabisa!"

"Eh! Weye ulijulia wapi mambo hayo?"

Latifa alikuwa nyuma ya mlango, ananyonyesha. Alingoja kusikia mama mkwe atajisifu namna gani.

"Mutoto wangu alinifundisha," Mama Aicha alisema. "Huyu wa hapa ndani. Hakukubali goti yangu ife porini."

Latifa aliinamia kichwa cha Malaika, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. Inje alisikia *tak, tak*, halafu *shhh*. Kisha akasikia Mama Fifi akiweka kamba yake chini.

"Sogea kidogo," Mama Fifi alisema. "Nipe na mimi hicho kijiti, nijaribu."