Aliyewekwa Mbele

Kopo la simbi, kauri za kupigia ramli, lilikaa juu ya kabati tangu bibi azikwe, na Rumonge ilikuwa inanyeshewa tangu asubuhi. Lakini Anwari alipozimwaga mkekani, simbi zilikuwa na joto kama mayai yaliyotoka chini ya kuku.

"Rudisha," alinong'ona Sabrina, dada yake. "Bibi alikuwa anatupa hizi akitaja jina la mutu, na lolote alilosema linamupata."

"Sisi tunacheza tu. Dadu hatuna."

Mchezo wenyewe Anwari alitoka nao Bujumbura, kwenye simu: kundi la watu wanne linaingia pangoni kuua joka, na kwanza kila mmoja anachagua atakuwa nani. Anwari alichagua mpiga upanga, akajiita Simba wa Chuma. Sabrina akawa mchawi wa moto, Malkia Ndimi. Rafiki yao Maneno, mvivu wa kuzaliwa, akachukua mponyaji kwa sababu mponyaji hukaa nyuma, akajiita Daktari Kivuli. Ikabaki nafasi ambayo hakuna mwenye akili anayeitaka: ngao, yule anayetangulia na kupokea mapigo ya wenzake wote.

"Tumuweke Chanceline," alisema Sabrina. Chanceline alikuwa yaya wao, msichana mtu mzima wa Minago, na muda huo alikuwa jikoni anachambua ndagala, dagaa wa ziwani.

"Ataitwa nani?" aliuliza Anwari.

"Chanceline. Yaya anatafuta jina lingine la nini?"

Wakacheka, wala hawakuona haya. Anwari akatupa simbi, na joka likampiga ngao begani.

Jikoni sahani ilianguka. Chanceline akaja mlangoni ameshika bega, damu ikipenya katikati ya vidole.

"Samahani, patron," alimwambia Anwari, bosi wake mdogo. "Kuna kitu kimenikwaruza. Sikukiona."

Alipoondoka, walitazamana. Walijua, na mimi sitawatetea.

"Nimuponye?" aliuliza Maneno kwa sauti ya chini.

"Hapana. Utapoteza zamu, na joka iko karibu kufa," alisema Anwari.

Wakaendelea. Harufu ya ubani ambao hakuna aliyeuwasha ikaingia chumbani na kuchanganyika na ya mawese yaliyoungua, na kila simbi zilipogonga mkeka kilisikika jikoni kishindo, kisha mkwaruzo, kisha pumzi za mtu anayejizuia kulia kwa sababu yuko kazini, mpaka joka likafa, Anwari akanyanyua mikono kushangilia, na jikoni kukawa kimya.

Kisha Chanceline akaingia. Shingo yake ilikuwa imelala upande, mahali ambapo shingo ya mtu hai haifiki. Akakaa mkekani, palepale alipokuwa akikaa bibi, akazikusanya simbi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanaume mzee mwenye furaha.

"Mchezo mzuri. Ngao yenu imekwisha. Nitajieni nyingine, kwa jina lake la kweli."

Maneno alikimbilia mlango akauvuta kwa nguvu zote, ukagoma kufunguka. Anwari akamgeukia dada yake, akafungua mdomo.

Sabrina alimuwahi. "Anwari," alisema, kwa wepesi uleule aliomtajia Chanceline. "Muweke Anwari."

Jini aliyekuwa ndani ya Chanceline akacheka mpaka shingo ile iliyovunjika ikatikisika.

"Na yeye alitaka kukutaja wewe. Msigombane, wanangu. Zamu ziko nyingi."

Akatupa simbi.