Jina Linaloogopwa na Maradhi

Kila asubuhi Stamena alikamua ng'ombe, akawasha jiko, ndipo akashuka mlima kwenda shule. Asubuhi hii alishuka na njaa. Mdogo wake mchanga alikuwa amekohoa usiku kucha, na daktari wa mjini alikuwa amekwisha kusema hana la kufanya tena. Watoto wawili waliozaliwa kabla yake walikuwa makaburini.

Darasani Mwalimu Bosiljka aliandika ubaoni: VUK.

"Kwa lugha yetu, mbwa mwitu," alisema. "Wapolandi, Wacheki na Wabulgaria wanalo neno hilohilo, wanalitamka tofauti kidogo tu. Asili yake ni ya kale sana. Wapo wanaodhani lilimaanisha mkali, mwenye kurarua. Sasa mbona sisi tunawaita watoto hivyo?"

"Kwa sababu wanauma," mmoja akadakia, darasa likacheka.

"Nyumba ikifiwafiwa na watoto, anayezaliwa huitwa Vuk ili maradhi yamwogope," alijibu Ognjen. "Jina hutolewa na baba wa ubatizo."

Stamena akaficha uso. Kwao, ubaba wa ubatizo hurithiwa kizazi hadi kizazi katika ukoo mmoja, na wa nyumba yao alikuwa Mzee Tihomir, babake Ognjen. Wakati wa kiangazi Stamena aliacha lango la zizi lao wazi, ng'ombe wakamaliza kabichi za mzee huyo. Kwa kuogopa fimbo, alisema Ognjen ndiye aliyelifungua. Babake Stamena, Radisav, akaenda kumtukana Tihomir mbele za watu. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu ulidumu hadi theluji. Tangu hapo wazee hao hawakusemezana, na kila jirani aliyeombwa kumsimamia mtoto abatizwe alikataa: "Mnaye wenu. Kushika nafasi yake ni laana."

Baada ya masomo Stamena alikwenda moja kwa moja kwa Tihomir.

"Mzee, lango niliacha wazi mimi. Ognjen nilimsingizia."

Tihomir alimtazama sana. "Babako anajua?"

"Bado."

"Twende ukamwambie."

Radisav alisikiliza, akajishika kichwa. "Sina uso wa kukuomba, ndugu yangu."

"Usiniombe. Mwiteni padri."

Mtoto akabatizwa kando ya jiko, akaitwa Vuk. Mama akauliza kwa kwikwi, "Atapona?"

"Mungu ndiye ajuaye, dada. Jina si dawa." Kisha Tihomir akamgeukia Stamena. "Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwanangu. Fimbo ya babako ingekuuma jioni moja tu. Uongo wako nusura umzike huyu bila jina."

Stamena alikaa karibu na kitanda, akisikiliza pumzi za mdogo wake.