Kondoo wa Arlène

Kila alasiri Nusaiba na Arlène walikaa nyuma ya saluni ya Mama Arlène, pale mtaani Bertrams, wakitengeneza, kama kazi ya shule, ramani ya Uskoti kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga. Kusema kweli, aliyefanya kazi ni Arlène. Nusaiba alishika mkasi na kupiga soga.

Arlène alifinyanga milima ya magharibi, akabandika juu yake kondoo wadogo wa rasta nyeupe, zile nywele za kusukia zilizobaki kwa wateja. Alimweleza mwenzake kwamba upepo wa bahari humwaga mvua kwenye milima ile, udongo ni mwembamba na baridi haiishi, ndiyo maana watu hufuga kondoo. Shayiri na viazi hulimwa mashariki, ambako mvua ni chache zaidi.

Siku ya kukabidhi kazi, Mama Arlène aliugua, na Arlène akabaki nyumbani kumlea mdogo wake. Nusaiba akaipeleka ramani peke yake. Njiani, tusimfichie, alibandua karatasi yenye majina mawili akaandika lake tu. Mwaka mzima hakuwahi kusifiwa, naye alitaka sifa kwa udi na uvumba. Maswali ya Mwalimu Mokoena aliyajibu yote, kwa maneno ya Arlène. Akachaguliwa kwenda kuieleza ramani kwenye maonyesho ya shule kule Newtown.

Jumatatu Arlène alirudi shuleni, akaisoma karatasi iliyobandikwa kwenye ramani.

"Jina yangu iko wapi?" aliuliza.

Nusaiba akababaika, akasema karatasi ilidondoka. Arlène akang'oa kondoo mmoja mlimani, akamtia mfukoni, akahama dawati.

Jioni Mayasa, mama yake Nusaiba, alikwenda kumjulia hali Mama Arlène. Huko akasikia yote, akarudi amenuna. Asubuhi alimfikisha bintiye kwa mwalimu, akasimama kando mpaka Nusaiba akakiri. Jina la Arlène likarudishwa kwenye ramani, naye ndiye aliyekwenda Newtown.

Nusaiba aliomba radhi, akatumaini mwenzake atarudi kuketi naye. Wiki mbili zikapita. Hata yule kondoo hakurudishwa mlimani. Akamwuliza mama yake, huku akilia, afanye nini tena.

"Jina lake umemrudishia kwa sababu lilikuwa mkononi mwako," Mayasa alisema. "Kukuamini ni hiari yake, mwanangu, huwezi kumdai. Ulimwibia kazi mtu aliyekufundisha, tena siku aliyokuwa na shida. Kuwa mkweli hata asipokutazama. Na akikataa kurudi, usimlaumu."