Unywele wa Dada Nakijwa

Kufikia saa nne asubuhi, Kisomanywele kilikuwa kimeshamuumbua mtu mmoja. Mzee Kangalu, fundi wa mabomba ya hewa, aliapa kwamba tangu ahamie Mwezini hajaugua hata mafua. Akang'olewa unywele mmoja, kati ya tisa hivi alizobaki nazo, ukanyooshwa mbele ya taa ya leza. Baada ya nusu dakika kifaa kikasema kwa sauti ya upole, "Miezi minne iliyopita ulikonda sana, kwa wiki tatu."

Ukumbi mzima ukacheka.

"Ilikuwa homa," mzee akakiri. "Ila msimwambie bosi. Nilimwambia nina msiba."

Mruma, aliyekiunda kifaa hicho, alijiona anaelea, na safari hii si kwa sababu ya wepesi wa Mwezini. Akalieleza jopo lililokuja kukikagua kifaa, kama anavyomweleza kila mtu, hata asiyemuuliza. Mawimbi ya nuru yakikuta unywele hayarudi nyuma. Yanajipinda, yanapita kushoto na kulia, halafu yanakutana tena ukutani. Kilele kikiangukia kilele, panang'aa. Kilele kikiangukia bonde, yanafutana, panabaki giza. Ndiyo ile michirizi.

"Unywele mnene, michirizi inabanana. Unywele mwembamba, inaachana. Na mwenye njaa au ugonjwa, nywele zake huota nyembamba. Kila sentimita ni kama mwezi mmoja wa maisha yako. Hakuna sindano, hakuna damu."

Daktari Kokubelwa, mwenyekiti wa jopo, hakuwa amecheka hata mara moja. "Mgonjwa umemwona. Sasa niletee mzima, nione kama kifaa chako kinajua kunyamaza."

Kingeshindwa, Mruma angerudishwa Duniani na chombo cha Jumatatu, na Kisomanywele kingeishia stoo.

Akaangaza huku na huku, akamwona dada yake, Nakijwa, amekaa nyuma na kilemba chake. Kwa miezi sita Mruma alikuwa akilala kwake na kula makande yake. Mwezini chakula hupimwa kwa gramu, na posho hutolewa kwa aliyesajiliwa tu, naye Mruma hakuwa amesajiliwa. Lakini dada alimwambia posho ya mgeni ameshaipata, asijali. Kila siku alimtengea yeye kwanza. Ukimuuliza mbona hali, anajibu kutoka jikoni, "Nimeonja huku mpaka nimeshiba."

"Dada, njoo!" Mruma akaita. "Daktari, huyu ni mpishi. Mpishi afe njaa, kwani sufuria ina kufuli?"

Watu wakacheka. Nakijwa akatikisa kichwa. "Mchukue mwingine, Mruma. Sijasuka."

"Tunataka unywele mmoja tu, hatuji kukusuka!"

Majirani wakamsukuma kwa utani mpaka akafika mbele.

Leza ikaanza nchani. Michirizi ikatokea imebanana vizuri. "Afya njema," kifaa kikasema. "Afya njema." Mruma akajipigia makofi. Zilipobaki sentimita sita kufika shinani, michirizi ikaanza kuachana kama watu waliogombana.

"Njaa," kifaa kikasema. Kikasogea kidogo. "Njaa." Kikasema hivyo mara sita.

Hakuna aliyecheka. Miezi sita. Mruma hakuhitaji kikokotoo. Juzi tu alimtania dada kwamba makande yake siku hizi maharage yanapigiana simu, na bado akaongeza sahani ya pili. Nakijwa alikuwa anakivuta kilemba chake chini, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

"Kimekosea," Mruma akasema haraka. "Leza imehama. Kifaa ni kibovu, Daktari."

"Una hakika?" Daktari Kokubelwa akashika kalamu. "Nikiandika hivyo, ndiyo basi."

"Andika."

"Usiandike!" Nakijwa akasema. "Huyu mtoto ana haraka tangu azaliwe. Hakijakosea." Akaingiza mkono chini ya kilemba, akang'oa unywele mwingine mwenyewe, akauweka kwenye kishikio. "Pima tena."

Kikapima. Njaa, mara sita, kwa sauti ile ile ya upole, bila haya.

"Mbona hukuniambia?" Mruma akanong'ona.

"Ungeacha kazi ukapanda chombo siku hiyo hiyo. Kwani sikujui? Simama vizuri, watu wanatutazama."

Daktari akaandika neno moja. "Kimepita," akasema.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Mzee Kangalu akarusha kofia, ikachukua muda wake kushuka. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Nakijwa. Mruma hakujua aangalie wapi, akaangalia fomu aliyosukumiwa na Daktari.

"Jaza matokeo, mvumbuzi. Usiruke sehemu."

Akajaza jina la aliyepimwa. Akajaza idadi ya miezi. Mstari wa mwisho ulisema: Chanzo cha njaa.

"Andika hakijulikani," dada akamnong'oneza. "Fomu tu hiyo."

Mruma akaandika jina lake mwenyewe, la kwanza na la ukoo. Akapitisha kalamu juu yake mara ya pili ili lisomeke.