Baruti Isiyokuwa Yake

Chuma kililia asubuhi kweupe, Twyla akiwa uani anaanika mashuka. Kililia mara moja tu, mlio mrefu wenye kutetema, kama kinavyolia kikipigwa risasi. Akageuka. Kule nyuma ya nyumba, mbele ya tuta la udongo ambalo wanaume wa nyumba ile walilitumia kwa mazoezi, sahani moja ya shabaha ilikuwa inabembea kwenye mnyororo wake. Zile nyingine zimetulia tuli. Upepo haukuwepo, jambo ambalo pande zile za mashariki ya New Mexico ni adimu kama mvua. Na mlio wa bunduki hakuusikia.

Gaylon, mumewe, alikuwa ameshuka mjini Portales. Mtu mwingine ambaye angeweza kuzipiga sahani zile alikuwa Creed, mdogo wake Twyla, na Creed walikuwa wamemzika mwezi wa pili.

Akasimama na shuka mkononi mpaka sahani ikatulia. Kisha akaendelea kuanika, maana mashuka hayajianiki.

Wanaume wale wawili waliishi kwa ajili ya mashindano ya bunduki tatu. Mpigaji anakimbia uwanjani na bunduki ndefu, bastola, na bunduki ya marisau, anaziacha na kuzishika kwa zamu, anaangusha karatasi na vyuma, na nyuma yake anafuata msimamizi mwenye kijisaa kinacholia piii ya kuanzia na kusikiliza risasi hadi ya mwisho. Anayemaliza upesi bila kukosa ndiye mshindi. Creed alikuwa haguswi. Alijaza bunduki ya marisau mbio mbio kama mtu anayejitupia karanga mdomoni, na huku anacheka. Gaylon alifanya mazoezi mara mbili zaidi yake, akanunua vifaa vya bei mbaya kuliko vyake, na kila mwaka akawa wa pili. Watu wa klabu yao ya shabaha walimpachika jina la Kivuli. Naye alicheka pamoja nao.

Mwaka huo kampuni moja ya vifaa ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kumvalisha jezi yake na kumzungusha nchi nzima. Mmoja tu. Kabla haijatamka jina, bunduki ndefu ya Creed ilipasuka shavuni mwake akiwa mazoezini pale tutani, na kipande cha chuma kikamwingia shingoni. Gaylon ndiye aliyempakata. Jezi akaivaa Gaylon.

Kwenye matanga, huku wakila nyama ya kuchoma na maharage, watu wa klabu walinong'ona kwamba Creed alikuwa na pupa, kwamba risasi alizijaza baruti mwenyewe nyumbani na bila shaka alikosea. Twyla aliyasikia yote. Baba yao aliwalea kwenye meza ya kujazia risasi, na sheria yake ilikuwa moja: baruti mbili hazikai meza moja. Baruti ya bastola huwaka kufumba na kufumbua, ya bunduki ndefu huwaka taratibu. Ukiitia ile ya haraka kwenye ganda la bunduki ndefu, umejitengenezea bomu. Creed aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma. Lakini mfu hana mdomo wa kujitetea, na Twyla akanyamaza.

Baada ya asubuhi ile ya chuma, ikaja harufu. Twyla alikuwa anakoroga mchuzi mweupe wa maandazi ya asubuhi, mara jikoni kukajaa harufu ya baruti iliyoungua na nywele zilizoungua, nzito hata ikamkaa ulimini. Akazima jiko, akafungua madirisha. Harufu haikutoka. Ilisogea, kama mtu anavyosogea, ikapita mgongoni pake bila kumgusa, ikaenda zake sebuleni alikoketi Gaylon, na Twyla akamsikia mumewe akiacha kutafuna.

Wakala maandazi madirisha yakiwa wazi.

Kisha kijisaa cha mazoezi, kilichokuwa kwenye droo bila betri, kikaanza kulia. Piii. Kililia Gaylon alipokuwa akinyoa, akajikata. Kililia alipokuwa akisali kabla ya kula. Kila kikilia mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni wenyewe, mahali pa ala ya bastola, hata kama amevaa taulo tu.

Akamwuliza kama na yeye anasikia.

"Nasikia nini?" Gaylon akasema, macho kwenye sahani. "Mimi sisikii kitu. Wewe umechoka, mpenzi. Msiba huo."

Siku moja mchana Twyla alisikia mashine ya kujazia risasi ikifanya kazi bandani. Aliujua mlio wake tangu utotoni: mkono wa chuma unashuka, unapanda, ganda linazunguka, risasi iliyokamilika inadondoka kwenye bakuli. Akashukuru kwamba Gaylon amepata nguvu ya kujiandaa, maana mashindano makubwa yalikuwa yamekaribia. Akamchukulia chai ya barafu. Alipopita sebuleni akamkuta Gaylon amelala kwenye kochi, mdomo wazi.

Mashine ilikuwa bado inashuka na kupanda.

Twyla alisimama mlangoni mwa banda, glasi mkononi, akausikiliza mkono ule wa chuma ukienda bila haraka na bila kusita, kwa mwendo ambao angeutambua kati ya elfu, kwa sababu aliyemfundisha Creed mwendo ule, akiwa mtoto mwenye vidole vifupi, kwa kusimama nyuma yake na kumshikia mpini, alikuwa ni yeye mwenyewe. Akausukuma mlango. Mashine ikanyamaza. Hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa limejaa risasi za bunduki ndefu, mpya, zinang'aa, na zilikuwa na joto kama mayai yaliyotoka chini ya kuku.

Akachukua moja, akaing'oa kichwa kwa koleo, akamwaga baruti kwenye kiganja. Vibapa vyembamba vyembamba, si vijiti kama ilivyo ya bunduki ndefu. Baruti ya bastola.

Alimwamsha Gaylon akamwonyesha. Alifikiri anamwonya. Alifikiri atamshika na kushukuru. Gaylon alitazama kiganja kile, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomwingia Twyla moyoni na kukaa. Mtu anayeona jambo geni hushangaa. Gaylon alitazama kama mtu aliyeletewa kitu chake kilichopotea.

"Anataka kuniua," akanong'ona.

"Nani?"

Gaylon alikwenda kumwaga bakuli zima kwenye ndoo ya mafuta machafu, akarudi, akasema kitu ambacho Twyla hakutegemea kukisikia kutoka kwake: amwite Mama Eufemia.

Mama Eufemia alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mjane, na watu waliomwita hadharani mpishi walimwendea kwa siri wakiwa na watoto wasiolala na nyumba zisizokalika. Alifagia maradhi kwa yai na matawi ya mrujuani, mmea wenye harufu kali. Gaylon alikuwa akimcheka miaka yote. Sasa aliuliza kila saa kama amefika.

Alifika siku ya dhoruba ya vumbi. Tangu asubuhi anga la magharibi lilikuwa la kahawia, na ilipofika saa sita ukuta ule wa vumbi ukaifikia nyumba, mchana ukawa giza, taa za jikoni zikawashwa na hazikutosha. Mama Eufemia aliingia akikung'uta kitambaa chake, akakataa kahawa, akamkalisha Gaylon kwenye kiti. Akampitishia yai kichwani, mabegani, kifuani, akiomba kwa sauti ya chini kwa Kihispania. Kisha akalivunja ndani ya glasi ya maji.

Kiini kilishuka cheusi. Harufu ya baruti ikapanda kutoka kwenye glasi.

Mama Eufemia akaketi. Akaliangalia, kisha akamgeukia Twyla badala ya Gaylon.

"Huyu si wa kupita njia," alisema. "Ni damu ya nyumba hii. Mimi simwezi, mwanangu. Yai langu halimwezi. Wewe uliyetoka naye tumbo moja ndiye mwenye mlango. Simama kwenye kizingiti anachopitia, mwite kwa jina, umwambie atoke. Atakutii. Na akitoka kwa neno lako, harudi tena."

"Mwambie," akasema Gaylon upesi. "Twyla, mwambie sasa hivi."

"Subiri," akasema Mama Eufemia, bila kupandisha sauti. "Mfu aliyekufa kwa ajali hulia, halafu huchoka. Huyu halii. Muulize mumeo kwanza anamdai nini."

Nje upepo ulivuma na mchanga ukakwaruza madirisha. Twyla alimtazama mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na sita. Alimwuliza swali moja tu: siku ile, Creed alipiga risasi za nani?

Gaylon alizungukazunguka. Alisema ni zamani, alisema kila mtu alikuwa na haraka, alisema Creed alikuwa ameishiwa zake. Mlango wa kwenda bandani, ambao ulikuwa umefungwa kwa kitasa, ukagongwa kidogo kutoka upande wa banda, kwa ukucha, na Gaylon akaanza kulia.

"Nilimpa zangu. Chache tu ndizo nilizozitia ile baruti. Nilitaka bunduki imharibikie, Twyla, naapa. Bunduki tu. Akose mashindano yale tu. Maisha yangu yote nimekuwa nyuma yake."

"Ulibeba jeneza lake," Twyla alisema. "Ulisimama pale wakimwita mzembe, na wewe unakula."

Gaylon akageuza uso dirishani.

Piii, kikalia kijisaa, na safari hii hakikulia kwenye droo, kililia nyuma ya ule mlango. Halafu sauti ikaja, sauti changa yenye kicheko ndani yake, isiyo na kelele, ile sauti ya msimamizi anayemwandaa mtu uwanjani, na ikauliza yale yanayoulizwa kila mara kabla ya kuanza.

"Mpigaji, uko tayari?"

Twyla akaenda kwenye mlango. Akaweka mkono kwenye kitasa. Kilikuwa cha moto. Nyuma yake alimsikia Gaylon akishuka kwenye kiti mpaka magotini, akimwita mpenzi, akimwita mke wangu, akimkumbusha siku ya harusi na ile mimba iliyotoka na jinsi alivyomshika mkono hospitalini, maneno yakimtoka moja juu ya jingine kama maji ya bomba lililopasuka, na mbele yake, upande wa pili wa ubao ule mwembamba, alimsikia mtu akipumua kwa kukoroma kidogo, kama anavyopumua mtu mwenye kitu shingoni, akingoja kwa adabu, kama alivyokuwa akingoja alipokuwa mtoto mpaka dada yake amruhusu kuingia chumbani mwake.

"Creed," akaita.

Pumzi ikasimama.

"Mwambie atoke," Gaylon akanong'ona. "Tafadhali."

Twyla akazungusha kitasa, akaufungua mlango wote.

"Ingia, mdogo wangu," akasema. "Yuko hapa."

Kilichoingia hawakukiona. Kilipita kati ya wanawake wale wawili kama joto la tanuri, na Mama Eufemia akafanya ishara ya msalaba, akachukua mkoba wake, akamshika Twyla kiwiko. Walitoka kwa mlango wa mbele, wakaingia kwenye vumbi, na Twyla hakugeuka, ingawa alimsikia mumewe akianza kusema tayari, niko tayari, niko tayari, bila kukoma.

Hakuuawa. Watu waliosimulia kisa hiki baadaye walipenda kusema aliuawa, lakini sivyo. Jioni ya siku ile, dhoruba ikiwa inatulia, Gaylon alifika kwa miguu ofisini kwa sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lile, masikio yakimtoka damu, akaeleza kila kitu bila kuulizwa. Aliomba jambo moja: asiwekwe chumba cha peke yake. Walimkubalia. Klabu ikachora picha ya Creed kwa rangi na kuitundika ukutani, na waliomwita mzembe wakaja kwa Twyla mmoja mmoja, kofia mkononi. Aliwakaribisha kahawa. Hakuwasamehe wote.

Gerezani, wenzake Gaylon hawakudumu naye. Kila aliyelala chumba kile aliomba ahamishwe, akilalamikia harufu. Mwisho akabaki peke yake.

Twyla alikaa karibu mwaka mzima kabla hajakwenda kumwona. Alikwenda kwa ajili ya talaka, ndivyo alivyojiambia barabarani. Walimleta upande wa pili wa kioo. Alikuwa amekonda hata mashavu yamegusana, na mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni, ukapanda, ukashuka, ukapanda, bila yeye kuutazama. Kila mmoja akachukua mkonga wake wa simu.

Twyla akamwambia neno alilokuja nalo. Gaylon hakuitikia. Alikuwa amefumba macho, na midomo ameibana kwa nguvu hata imekuwa myeupe.

"Unanisikia?" Twyla akauliza.

Mkongani kukawa na kukoroma kidogo kwa pumzi. Kisha sauti changa, yenye kicheko ndani yake, ikamjibu. Midomo ya Gaylon haikufunguka.

"Nakusikia, dada. Wewe rudi nyumbani ukapumzike. Mimi huku bado sijamaliza."

Twyla aliuweka mkonga mahali pake polepole, kama mtu anayerudisha mlango wa chumba alimolala mtoto, akachukua mkoba wake na kwenda zake.